Runinga nzima ilihukumiwa kwa kitaa kimoja: tuujadili uchakavu wa kupangwa

Bisibisi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Wiki hii nimefungua runinga ambayo mwenyewe alishaambiwa imekufa, anunue nyingine. Sauti inatoka, kioo cheusi. Nikazima taa za chumbani, nikakimulika kioo kwa tochi kwa karibu, picha ikaonekana hafifu kama kivuli, watu wanatembea humo ndani. Kwa hiyo bodi kuu nzima, paneli nzima, pawa sapulai nzima. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Nikaitoa paneli taratibu (hiyo ndiyo kazi yenyewe, maana ni kioo chembamba na kikipata ufa hakuna tena cha kutengeneza), nikafika kwenye mikanda ya LED, nikapima kimoja kimoja. Kitaa kimoja kilikuwa kimeungua. Kimoja. Vimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikikata, wenzake wote wanazimika naye.

LED kuungua hakunisumbui, kila kitu kina siku yake. Kilichonisumbua nilikiona nilipopima mkondo wa umeme. Vile vitaa vilikuwa vikiendeshwa karibu kabisa na ukomo wake, mwanga umewekwa asilimia 100 tangu kiwandani, ili runinga ing'ae kuliko zilizopangwa pembeni yake siku ya kuuzwa. Ungepunguzwa kidogo tu, macho yangezoea kwa dakika mbili na vitaa vingepoa na kuishi miaka. Nimebadilisha mkanda, nimeshusha mwanga kwenye menyu, inawaka. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kukopa hela ya nyingine.

Hoja yangu ni hii. Tukisema uchakavu wa kupangwa, yaani kifaa kutengenezwa makusudi kisidumu, wengi tunawaza kwamba kuna mtu kaficha saa ndani ya kifaa, ikifika siku inakiua. Mimi nikiwa na kifaa mezani sioni saa. Naona sehemu mia mbili zinazoweza kuishi miaka ishirini, na sehemu moja au mbili zinazoishi mitatu. Betri. Kapasita (kile kijisehemu kinachotunza umeme kwa muda mfupi). Mkanda wa taa. Beringi. Mpira wa kuzuia maji. Umri wa kifaa chote unaamuliwa na swali dogo mno: ile sehemu ya miaka mitatu inatoka, au haitoki? Ikitoka kwa bisibisi ya kawaida na mbadala wake unapatikana, una kifaa cha miaka ishirini. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, au imefungwa kwa programu, una kifaa cha miaka mitatu ambacho ndani yake kuna vitu vizima mia moja tisini na nane vinavyokwenda jalalani vikiwa hai.

Na jalala si dogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022 peke yake, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3.

Njama ya kweli ipo kwenye historia, sikatai, na tarehe yake inajulikana. Desemba 1924, mjini Geneva, makampuni makubwa ya balbu yaliunda umoja ulioitwa Phoebus: Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi, Compagnie des Lampes ya Ufaransa na wengine, huku General Electric ya Marekani ikiwamo kupitia makampuni yake ya nje. Waligawana masoko, kisha wakakubaliana balbu ya kawaida iishi saa 1,000, wakati sokoni zilikuwapo za saa 1,500 hadi 2,000. Viwanda vilipeleka sampuli kupimwa, na kiwanda ambacho balbu zake ziliishi kupita kiwango kilitozwa faini kwa faranga za Uswisi. Hebu fikiria uko kwenye kazi hiyo: unalipwa mshahara ukitafute kifo cha kitu ambacho jana ulikuwa unajua kukirefushia maisha. Umoja huo ulisambaratika Vita Kuu ya Pili ilipoanza.

Mwaka 1932, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, Mmarekani mmoja aitwaye Bernard London alichapisha pendekezo kwamba serikali ipangie kila bidhaa umri wake, kuanzia viatu na nyumba mpaka mashine. Umri ukiisha, bidhaa ihesabiwe imekufa kisheria, irudishwe ikaharibiwe, watu wanunue mpya, viwanda vipate kazi. Hakuna serikali iliyomkubalia. Lakini simu janja leo inahesabiwa imekufa siku apdeti zinapokatika, na hakuna bunge lolote lililopiga kura juu ya hilo.

Wahandisi mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea.

---

Darubini

Mkuu, mimi nadhani unawaonea huruma. Kule Livermore, California, kuna balbu kwenye kituo cha zimamoto inawaka tangu 1901. Zaidi ya miaka mia moja! Kama walijua kutengeneza hiyo mwaka 1901, kila balbu iliyoungua baada ya hapo ni wizi. Vitu vya zamani vilidumu kwa sababu watu walikuwa na haya. Sasa hivi haya hakuna.

---

Kokotoa

Nimefanya kazi ya kubuni saketi za vifaa vya nyumbani miaka kadhaa, nitaongea kwa ninachokijua.

Ndugu Darubini, balbu ya Livermore ni ya kweli, ila inawaka kwa wati 4 hivi. Huwezi kusomea chini yake. Uzi wake ni wa kaboni, ila hata uzi wa tungsteni wa balbu zilizofuata ukiupa moto mdogo unaishi muda mrefu sana, lakini unakupa mwanga mwekundu, hafifu, na umeme mwingi unaishia kuwa joto. Hesabu yake ni kali ajabu: punguza volti kwa asilimia 5 tu, umri unakaribia mara mbili, na mwanga unashuka kwa takriban asilimia 16. Kwa hiyo kati ya umri na mwanga lazima uchague, na kwa mtu anayelipia umeme, balbu ya saa 1,000 inaweza kweli kumgharimu kidogo kuliko ya saa 2,500 inayokula umeme mwingi zaidi kutoa mwanga uleule.

Ila hapo hapo ndipo Phoebus wanaponaswa. Kama saa 1,000 zilikuwa kwa faida ya mnunuzi, faini ya kuzidisha ilikuwa ya nini? Ungeandika kwenye boksi: hii mwanga mkali umri mfupi, hii mwanga hafifu umri mrefu, chagua. Fizikia iliwapa sababu nzuri, wakaitumia kufunika sababu nyingine.

Na hadithi hiyo imejirudia kwenye LED, mkanda wa mleta uzi ni shahidi. Mwaka 2016 zilitoka balbu za LED zilizobuniwa na Philips kwa ajili ya jiji la Dubai. Walichofanya si muujiza: waliongeza idadi ya LED ndani ya balbu na kila moja wakaipa mkondo mdogo. Matokeo ni kama lumeni 200 (kipimo cha mwanga) kwa kila wati, ufanisi mkubwa kuliko balbu za kawaida za wakati huo, na zinapoa. Kwenye LED hakuna ule mvutano wa tungsteni. Ukiipunguzia mkondo, ufanisi unapanda NA umri unapanda, vyote viwili. Kinachoongezeka ni gharama ya LED za ziada kiwandani. Ndiyo maana balbu nyingi zina LED chache zinazochemshwa.

Kuhusu vya zamani kudumu: tunaviona vilivyobaki. Vilivyokufa havipo tena kutoa ushahidi.

Sasa niwaeleze umri wa kifaa unapangwaje, maana nimekaa kwenye vikao hivyo. Sijawahi kumsikia mtu akisema "kife mwaka wa tatu". Kinachosemwa ni: waranti ni miaka 2, mtumiaji wa kawaida anawasha saa 6 kwa siku, tupunguzieni gharama. Basi unaanza kukata. Chukueni kapasita ya elektroliti, ile ya mviringo yenye kimiminika ndani. Ya bei ya chini imeandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Kanuni tunayotumia ni kwamba kila ukishusha joto kwa nyuzi 10, umri unazidishwa mara mbili. Ikiishi kwenye nyuzi 85 utapata saa 8,000. Kwa saa 6 kwa siku ni miaka mitatu na nusu na kidogo. Kapasita ileile, bei ileile, ukiiweka sehemu yenye nyuzi 65, hesabu inakupa saa 32,000, zaidi ya miaka 14.

Tofauti ya miaka 3 na 14 ni sentimita chache kwenye bodi, yaani umbali kati ya kapasita na kile kipande cha alumini kinachotoa joto. Hakuna gharama hapo, au ni ndogo sana. Kinachotakiwa ni mtu mmoja kwenye kikao aulize, "na mwaka wa kumi je?" Mimi niliuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisikilizwa, tukaisogeza. Mara ya pili niliambiwa mwaka wa kumi hauko kwenye mahitaji ya mradi. Neno hilo sijalisahau. Hauko kwenye mahitaji.

---

Bisibisi (mleta uzi)

Kokotoa, asante sana mkuu. Hiyo ya sentimita chache nimeikuta mara nyingi mno: kapasita zimevimba vichwa, zimebanana na kipoza joto, na nusu nzima ya bodi iko wazi, haina kitu.

---

Darubini

Nimeelimika kwenye balbu, nakubali. Lakini gundi je? Simu zilikuwa zinafunguliwa kwa ukucha, unachomoa betri, unaweka nyingine. Leo mpaka upashe joto, uvute kwa plastiki, ukikosea kioo kinapasuka. Hiyo nayo ni kikao cha gharama?

---

Kokotoa

Sababu zipo tatu, na zote nimezisikia: simu iwe nyembamba, izuie maji, na iunganishwe haraka kiwandani. Maji ni sababu ya kweli. Mfuniko unaofunguka ni mpaka mrefu wa kuziba.

---

Bisibisi (mleta uzi)

Hapo sikubaliani nawe mkuu, na ushahidi ninao. Samsung Galaxy S5, mwaka 2014. Mfuniko wa nyuma unafunguka kwa ukucha, betri inachomoka, na ina kiwango cha IP67, yaani mita moja ya maji kwa nusu saa. Kulikuwa na gasketi ya mpira kwenye mfuniko, basi. Tulikuwa nayo na tukaiacha njiani.

Kinachonihuzunisha kwenye betri ni kwamba yeye ndiye tunayejua kwa uhakika kwamba atakufa. Betri ya lithiamu inazeeka hata ukiiacha mezani. Kila inapochajiwa, kiasi kidogo cha lithiamu kinanaswa kwenye utando unaoota juu ya elektrodi, hakirudi tena. Joto linauharakisha, na kukaa imejaa asilimia 100 muda mrefu pia. Betri nyingi za simu zimehesabiwa mizunguko 500 hadi 1,000 ya kuchaji kabla hazijashuka chini ya asilimia 80. Unajua kitu kitakufa ndani ya miaka mitatu, halafu unakipaka gundi. Huwezi kuniambia hilo limetokea kwa bahati mbaya.

Zipo gundi zenye mkia, unauvuta gundi yote inatoka bila joto. Zipo skrubu. Ukiona skrubu zenye nyota ambazo bisibisi yake haiuzwi popote, jua kuna mtu alikaa akafikiria juu yako.

Na kuna jambo baya kuliko gundi: kuoanisha vipuri kwa programu. Unatoa kamera halisi kwenye simu iliyovunjika kioo, unaiweka kwenye ya pili ya modeli ileile, inakataa au inatoa onyo lisilofutika, kwa sababu namba ya kipuri haijaidhinishwa na mtengenezaji. Kamera ni ileile, imetoka mstari uleule wa kiwanda. Nimekuwa na simu mbili mbovu ambazo kwa akili ya kawaida zilikuwa simu moja nzima, na nikashindwa kuwapa watu hata hiyo moja.

---

MsimboWazi

Naomba niingie upande wa programu, maana huko ndiko vifo vingi viko sasa hivi na bisibisi haifiki.

Wakuu, mnaposikia kampuni imesema "simu hii haitapata apdeti tena", mara nyingi mnyororo unaanzia kwa mtengenezaji wa chipu, si kwa mwenye jina lililoandikwa nyuma ya simu. Chipu inakuja na draiva zake, yaani programu ndogo za kuifanya ielewane na mfumo endeshi, zilizoandikwa kwa toleo fulani la kerneli (kiini cha mfumo huo). Mtengenezaji wa chipu akiamua mwaka wa tatu kwamba haziandiki upya, kampuni ya simu inabaki na mfumo endeshi mpya usioweza kuongea na chipu ya zamani. Draiva zingekuwa wazi, wengine tungeziendeleza. Zimefungwa.

Ila si lazima iwe hivyo. Fairphone ya Uholanzi ilitoa Fairphone 2 mwaka 2015. Mtengenezaji wa chipu aliiacha mapema, na kampuni ile ndogo ikaendelea kuiandikia yenyewe hadi 2023, miaka 7. Kwa Fairphone 5 wakajifunza: wakachagua chipu iliyokusudiwa mitambo ya viwandani, kwa sababu viwandani mteja hakubali kuachwa baada ya miaka mitatu, hivyo chipu inakuja na msaada mrefu. Wakaahidi miaka 8 au zaidi. Uamuzi mmoja wa ununuzi, na simu imeongezewa nusu ya maisha.

Na tazameni kilichofuata. Oktoba 2023 Google wakaahidi miaka 7 kwa Pixel 8. Januari 2024 Samsung wakafuata na miaka 7 kwa Galaxy S24. Miaka mingi tuliambiwa haiwezekani, ni ngumu kiufundi. Ikawezekana ndani ya miezi minne.

Kinyume chake ni Oktoba 14, 2025, siku Microsoft walipoacha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia mwaka 2018 hivi. Kompyuta mpakato nyingi zinazowaka vizuri kabisa, zenye RAM ya kutosha na diski ya haraka, zimegeuzwa kuwa hatari kiusalama kwa tarehe ya kwenye kalenda. Nimeziwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, ninazoweza. Siwezi kuziwekea zote, na mwenye kompyuta mara nyingi hajui hata kwamba njia hiyo ipo.

Vifaa vinavyotegemea seva ndivyo dhaifu kuliko vyote. Revolv, kile kisanduku cha kuendeshea taa na vitasa vya nyumba, kiliuzwa dola 300. Kampuni ikanunuliwa na Nest, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumbani, na Mei 2016 seva zikazimwa. Hakuna kapasita iliyovimba, hakuna betri iliyochoka, kisanduku kikawa tofali.

Nikiri na upande wetu, kwa sababu si kila kitu ni hila. Februari 2021 Tesla waliita kurudishwa takriban magari 135,000 ya Model S na Model X huko Marekani. Skrini kuu ilikuwa inakufa, na pamoja nayo kamera ya nyuma. Chanzo ni chipu ya kumbukumbu ya flashi ya gigabaiti 8. Kumbukumbu ya flashi ina idadi ya mara inazoweza kufutwa na kuandikwa, na programu ya gari ilikuwa ikiandika humo kila siku mpaka chipu ikachakaa. Gari zima! Sidhani kuna aliyepanga. Walioandika programu hawakukaa na waliochagua chipu wakapiga hesabu ya miaka kumi. Mimi mwenyewe nimeandika programu inayoandika kumbukumbu za matukio kila sekunde bila kujiuliza zinaandikwa juu ya nini. Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza.

---

MizaniYetu

Kaka zangu nimewasoma wote. Nafuatilia sheria za haki za walaji, niongeze hapo, kwa sababu mabadiliko ya ghafla aliyoyataja MsimboWazi hayakutoka hewani.

Ufaransa mwaka 2015 iliufanya uchakavu wa kupangwa kuwa kosa la jinai: kifungo hadi miaka 2 na faini ya yuro 300,000, ambayo inaweza kupandishwa kufuata mauzo ya kampuni. Inasikika kali. Lakini kosa la jinai linataka uthibitishe nia, na nia inakaa kwenye vikao kama alivyosimulia Kokotoa, ambako hakuna aliyesema "kife". Ndiyo maana Apple walipopunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka bila kuwaambia wenyewe, faini ya yuro milioni 25 waliyotozwa Ufaransa Februari 2020 ilikuwa kwa kosa la kutowaarifu wateja. Uchakavu wa kupangwa haukutajwa kama kosa.

Na kisa kile kina funzo zuri, Bisibisi, la betri zako. Kupunguza kasi kulikuwa na sababu ya kiufundi: betri iliyochoka inashindwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla, simu inazima. Lakini mwenye simu akaona imekuwa nzito, akanunua mpya, kumbe alihitaji betri tu. Walipobanwa wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, watu wakabadilisha, simu zikarudi hai.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni sheria zisizouliza nia. Kuanzia Januari 2021 Ufaransa ililazimisha simu, kompyuta mpakato, runinga na mashine za kufulia ziuzwe zikiwa na alama juu ya 10 ya urahisi wa kutengenezwa. Hakuna wa kumshtaki, ila bidhaa ya 4 ilikaa pembeni ya bidhaa ya 8 na mnunuzi akaona. Umoja wa Ulaya ukaenda mbali zaidi: kuanzia Juni 20, 2025 simu mpya zinazouzwa huko lazima betri ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, vipuri vipatikane miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na apdeti za mfumo angalau miaka 5 tangu kifaa cha mwisho kuingizwa sokoni. Someni vizuri, ni tangu cha mwisho, si cha kwanza. Na kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vidogo zinatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa misamaha imewekwa na ninaiogopa.

Ile ya kuoanisha vipuri, jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2024.

---

Darubini

Dada MizaniYetu, heshima kwako. Ila nina wasiwasi mmoja wa kweli. Tuseme kampuni inatengeneza kitu kinachodumu miaka ishirini. Wote tukishanunua, itakula nini? Ujerumani Mashariki walitengeneza glasi za kunywea zilizoitwa Superfest kuanzia 1980, zimeimarishwa kwa kemikali hazivunjiki ovyo. Walitengeneza kama milioni 120. Magharibi wafanyabiashara hawakuzitaka, maana glasi isiyovunjika hairudishi mteja. Uzalishaji ukaisha 1990. Kwa hiyo kudumu kulishindwa na soko, hakukushindwa na fundi.

---

Bisibisi (mleta uzi)

Darubini, hilo ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na sitalipita juu juu.

Kwanza, ile mbinu ya kwenye glasi zile ni jamaa wa inayotumika kwenye kioo cha simu yako sasa hivi: unazamisha kioo kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, ayoni (chembe zenye chaji) kubwa za potasiamu zinachukua nafasi ya ndogo za sodiamu, uso wa kioo unabanana na kuwa mgumu. Maarifa hayakufa. Yalipata mnunuzi pale yalipouza simu.

Pili, kampuni inayouza kifaa mara moja tu ndiyo inayokiogopa kifaa kinachodumu. Inayouza pia vipuri na sehemu za kuboresha haikiogopi vile. Framework, waliotoa kompyuta mpakato yao ya kwanza 2021, wanauza bodi kuu mpya zinazoingia kwenye ganda lilelile la zamani. Unaweka prosesa mpya, kioo kile, kibodi ile, na bodi ya zamani unaweza kuigeuza kompyuta ya mezani. Mteja anarudi na hela, na hatupi kitu. Sisemi kila kampuni itaweza. Nasema swali lako lina jibu zaidi ya moja, na hatujajaribu majibu mengi.

Tatu, nikupe haki yako: si kila kitu kinastahili kuishi milele. Friji ya zamani sana inayokula umeme mara mbili au tatu ya mpya, kuing'ang'ania ni hasara kwa mwenyewe. Kwa friji, sehemu kubwa ya madhara iko kwenye umeme wa miaka yote ya matumizi. Kwa simu ni kinyume, sehemu kubwa ya madhara imeshatokea kiwandani kabla hujaiwasha: uchimbaji, chipu, usafirishaji. Simu ukiiongezea miaka mitatu umeokoa karibu kila kitu cha kuokolewa. Kwa hiyo simu, kompyuta, runinga, spika, printa, huko ndiko ningeweka nguvu zote.

Printa nazo, niishie hapo tu. Katriji yenye chipu inayohesabu kurasa na kukataa wakati wino unaonekana kwa macho umebaki. Nimekasirika vya kutosha kwa siku moja.

---

Kokotoa

Niongeze kwa wabunifu vijana wanaosoma uzi huu kimyakimya. Mkichora bodi, andikeni pembeni ya kila sehemu miaka mnayotarajia iishi. Chini ya miaka kumi, hakikisheni inatoka bila joto na bila kuvunja kingine. Pawa sapulai, tundu la chaji na betri zikae kwenye vibodi vyao vidogo, visiyeyushwe kwenye bodi kuu. Tundu la chaji lililoyeyushiwa bodi kuu ni mauaji, linachomekwa na kuchomolewa kila siku! Acheni nafasi za kupimia volti na muziandike majina. Fundi atakayefungua kazi yenu miaka minane baadaye hamtamjua, lakini atajua kama mlimfikiria.

---

ChipukiziWaSaketi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma mwanzo hadi hapa kwa sababu runinga yetu ina dalili zilezile za mleta uzi, sauti ipo kioo cheusi, na tulikuwa tunaitoa kesho. Nimeimulika kwa tochi kama ulivyosema, picha IPO. Nifanyeje?

---

Bisibisi (mleta uzi)

Marahaba. Msiitoe.

Ichomoe ukutani, uiache kabisa kwa muda kabla hujafungua. Kwenye pawa sapulai kuna kapasita kubwa inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umeshachomolewa, kwa hiyo usiiguse na usifanye kazi hiyo peke yako mara ya kwanza. Tafuta mtu aliyewahi kufungua runinga akae nawe. Ilaze kifudifudi juu ya blanketi, toa mfuniko wa nyuma, piga picha ya kila waya kabla hujauchomoa. Paneli itoeni watu wawili, mkiishika kwenye kingo, na zile riboni nyembamba za pembeni zisikunjwe hata kidogo.

Ukifika kwenye mikanda ya LED usitoe kitu kwanza. Leta picha hapa, namba zilizochapwa kwenye mkanda zisomeke, tuangalie pamoja kama unapatikana.